Seli Iliyokufa Inapoonekana Kudunda: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchanganua Seli Moja Moja za Moyo kwa Hadubini ya Holografia

Asubuhi moja ya Julai, hapa Arusha, programu yetu ya uchanganuzi ilitoa ripoti safi kuliko zote tulizowahi kupata: seli kumi na moja za moyo, kila moja ikidunda mara 58 kwa dakika, bila hata moja kupishana na mwenzake. Ripoti hiyo ingetufurahisha, isipokuwa kwamba kisahani kile kilikuwa kimesahaulika mezani usiku kucha bila joto, na seli zake zilikuwa zimekufa zote. Tulitumia siku mbili kukagua mistari ya programu kabla ya fundi wetu wa umeme, ambaye hajawahi kuchungulia hadubini hata siku moja, kuuliza swali lililotutoa gizani: "Mwalimu, hiyo friji iliyo nyuma ya ukuta inawaka saa ngapi?"

Maelezo haya yanafuata dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata sasa: mwanga kwanza, kisahani baadaye, programu mwishoni. Watu wengi huanza na programu kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yao, ilhali hiyo hufanya tu hesabu juu ya kile ilichopewa. Kabla ya yote, jizoeze jambo moja: kila unaporekodi seli, chagua pia kipande cha eneo tupu kando yake, chenye ukubwa kama wa seli hiyo, ukipitishe kwenye hesabu zile zile. Dalili yoyote inayojitokeza kwenye eneo tupu haikutoka kwenye seli.

Kinachopimwa hasa

Seli ya moyo haina rangi, na kwa hadubini ya kawaida huonekana kama kivuli cha maji ndani ya maji. Hadubini ya holografia hugawa mwanga wa leza katika njia mbili, mmoja ukipita ndani ya seli na mwingine ukizunguka pembeni, kisha huikutanisha miali hiyo kwenye kihisi cha kamera, ambapo hujichora mistari myembamba ya mwingiliano wa mawimbi. Kwa kuwa mwanga huenda polepole zaidi ndani ya seli kuliko ndani ya kiowevu kinachoizunguka, mistari hiyo hupinda mahali seli ilipo, na kompyuta hukitumia kiasi cha kupinda huko kutengeneza ramani ya awamu ya mwanga, yaani wimbi limechelewa kwa kiasi gani, pikseli kwa pikseli, kwa kipimo cha radiani. Wazo lenyewe ni la Dennis Gabor, aliyelitangaza mwaka 1948, miaka kumi na miwili kabla ya leza ya kwanza kuwaka, na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971.

Jambo la kukumbuka katika kila dalili inayofuata ni kwamba awamu huchanganya vitu viwili visivyotengana kwa urahisi: unene wa seli, na tofauti kati ya uwezo wa seli kupinda mwanga na ule wa kiowevu. Awamu ikipanda, huenda seli imenenepa, huenda imekuwa nzito zaidi ndani, au huenda ni kiowevu kilichobadilika huku seli ikiwa vile vile.

Dalili: mistari ya hologramu ni hafifu, au picha ya awamu imejaa chengachenga

Usiangalie picha ya awamu. Rudi kwenye hologramu ghafi, yaani picha ya mistari kama kamera ilivyoipiga, na uikuze mpaka uione mistari yenyewe. Kila mstari unapaswa kuchukua walau pikseli tatu au nne, na kati ya weusi na weupe wake kuwe na tofauti iliyo wazi. Ikiwa sehemu zilizong'aa zimefika 255, kiwango cha juu kabisa kwenye kamera ya biti 8, kihisi kimeshiba na taarifa ya awamu mahali hapo imepotea. Punguza nguvu ya leza au muda wa kufungua kamera. Ikiwa mistari imefifia picha nzima, mara nyingi njia mbili za mwanga hazilingani urefu, au muda wa kamera ni mrefu kiasi kwamba mtikisiko unaisugua mistari kabla picha haijakamilika.

Leza za dayodi hubadilisha urefu wa wimbi zinapopata joto, kwa hiyo iache iwake nusu saa kabla ya kurekodi chochote. Umeme ukikatika na kurudi, hata kama ni kwa sekunde mbili, anza kuhesabu nusu saa hiyo upya, na usiunganishe kurekodi kwa kabla na kwa baada ya kukatika katika faili moja. Betri ya akiba iliyounganishwa na leza na kamera, na siyo kompyuta peke yake kama wengi wafanyavyo, humaliza sehemu kubwa ya tatizo hili.

Duara zinazozungukana kama za jiwe lililotupwa bwawani ni vumbi. Sogeza kisahani kidogo: duara zikihama nacho, vumbi liko kwenye kisahani, zikibaki palepale, liko kwenye lenzi au kwenye kamera. Wakati wa kiangazi, madirisha yakiwa wazi, vumbi letu jekundu halichagui.

Dalili: usuli una mteremko, au eneo tupu halisomi sifuri

Mteremko ulio sawa kutoka pembe moja hadi nyingine ni wa kawaida na programu huuondoa kwa kulinganisha uso laini wa kihesabu na picha kisha kuutoa. Kosa linaloumiza ni kuiruhusu programu itumie picha nzima, seli zikiwemo, kuutafuta uso huo. Seli ikiwa kubwa, uso huvutwa juu kuifuata, na ukishautoa utaona utepe mweusi wenye namba hasi ukiizunguka seli, huku katikati yake pakiwa pafupi kuliko ukweli. Ziondoe seli kwanza kwa mpaka mkubwa kupita kiasi, tafuta uso kwa kutumia eneo tupu peke yake, ndipo uutoe kwenye picha yote.

Mteremko unaobadilika kadiri dakika zinavyokwenda ni habari nyingine, na hapa kwetu asubuhi za Juni na Julai ndizo zenye kesi nyingi. Uwezo wa maji kupinda mwanga hupungua kwa karibu 0.0001 kwa kila nyuzi 1 ya Selisiasi inayoongezeka. Namba hiyo inaonekana ya kupuuzwa, lakini ikiwa mwanga unapita kwenye kina cha milimita 1 cha kiowevu, nyuzi moja hubadilisha njia ya mwanga kwa kama nanomita 100, ambayo kwa leza nyekundu ya nanomita 633 ni karibu radiani 1 nzima, ilhali seli yako yote huenda ina radiani moja na nusu au mbili. Kisahani kilichotoka kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, la nyuzi 37 na kuwekwa juu ya meza ya hadubini katika chumba cha nyuzi 18 hakipoi sawasawa. Hupoa pembeni kwanza, na lenzi ya chuma inayokigusa kwa chini hukinyonya joto kama kijiko kwenye chai. Ipashe moto lenzi pamoja na meza, acha kisahani kitulie dakika ishirini, na uangalie kioo cha juu kama hakijashika mvuke. Matone madogo ya mvuke huonekana kwenye ramani ya awamu kama vilima vilivyotapakaa, na nimewahi kumwona mwanafunzi akivihesabu kama seli.

Kukauka kwa kiowevu huleta mabadiliko ya polepole zaidi. Chumvi zikizidi kukolea, kiowevu hupinda mwanga zaidi na wakati huohuo seli hunywea kwa kupoteza maji, kwa hiyo athari mbili huchanganyika na hakuna hesabu itakayozitenganisha baadaye. Funika kisahani.

Dalili: ramani ina ngazi za ghafla, au katikati ya seli pamegeuka shimo

Awamu hupimwa kama mshale wa saa: ikimaliza mzunguko hurudi sifuri. Mzunguko mmoja ni radiani 6.28, na kwa leza ya nanomita 633, seli inayozidi kiowevu kwa 0.03 humaliza mzunguko inapofikia unene wa kama mikromita 21. Seli za moyo zilizotandazwa vizuri kwenye kioo hazifiki huko, lakini zilizojikunja zikawa mviringo hufika, na iliyo karibu na mpaka huo inaweza kuuvuka kila inapokaza na kuurudia kila inapolegea. Matokeo yake ni mchoro wa mapigo wenye vilele vilivyokatwa na kugeuzwa chini.

Programu ya kukunjua awamu, yaani ya kurudisha mizunguko iliyopotea, hulinganisha pikseli na jirani yake, na huchukulia kwamba hatua halisi kati yao haizidi radiani 3.14. Pale ambapo ukingo wa seli ni mkali, au ambapo chengachenga ni nyingi, dhana hiyo huvunjika, na kosa la pikseli moja huburuta mstari mzima. Kwa picha moja, tumia njia inayoanza na pikseli zenye ubora mkubwa na kuziacha mbovu mwisho. Ipo tayari katika maktaba za bure za Python kama scikit-image. Kwa video, ongeza ulinganisho wa wakati: pikseli iliyoruka radiani 6 kati ya fremu moja na inayofuata, kisha ikabaki huko, haijanenepa, imerukwa na hesabu.

Kwa seli nene kweli kweli, tiba ni ya vifaa. Ukirekodi kwa leza mbili, kwa mfano ya nanomita 633 na ya nanomita 532, tofauti ya awamu zao hufanya kazi kama wimbi moja lenye urefu wa mikromita 3.3 hivi, na mzunguko mmoja sasa hutosha unene zaidi ya mara tano. Malipo yake ni kwamba kelele nayo hukuzwa.

Dalili: programu inaunganisha seli mbili, au inaigawa moja

Hapa ndipo uchanganuzi wa seli moja moja unapokufa au kupona. Kizingiti kimoja kwa picha nzima, yaani namba moja ya awamu inayotenga seli na usuli, kama kile ambacho njia ya Otsu hukichagua yenyewe, hufanya kazi vizuri pale seli zote zina unene unaokaribiana. Seli za moyo zilizotokana na seli-shina haziko hivyo: hujitandaza kama chapati, nene katikati penye kiini na nyembamba mno pembeni, kiasi kwamba ukingo wake huzama kwenye kelele ya usuli. Kizingiti kikiwa juu, programu hukata ukingo. Kikiwa chini, huzishika mikono seli mbili zilizokaribiana na kuziita moja.

Ninavyofanya mimi ni kupanda mbegu kwenye vilele, yaani sehemu za kiini, kisha kuacha kila mbegu ikue mpaka ikutane na jirani yake au na usuli. Lakini baadhi ya seli za moyo zina viini viwili, na mbegu mbili zitaigawa seli moja nzima. Angalia mapigo ya nusu hizo mbili: zikikaza kwa wakati mmoja katika kila pigo na kati yao pasiwe na bonde, ziunganishe. Seli mbili zilizoungana kikweli nazo hudunda pamoja, kwa hiyo kipimo cha mapigo peke yake hakitoshi. Bonde ndilo huamua. Duara ndogo zenye awamu kubwa na ukingo mkali ni seli zilizokufa zinazoelea. Zichuje kwa umbo na kwa kuwa hazidundi.

Kipo kipimo kimoja cha kukagua mpaka ambacho nakiamini kuliko jicho langu, nacho ni uzito mkavu. Jumla ya awamu ya seli nzima inalingana na uzito wa vitu visivyo maji vilivyomo, hasa protini, kwa kanuni iliyojulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: zidisha wastani wa awamu kwa eneo la seli na kwa urefu wa wimbi, kisha gawanya kwa 6.28 na kwa kigawo cha kama 0.2. Seli yenye wastani wa radiani 1.5 na eneo la mikromita za mraba 1,500 ina kama pikogramu 1,130. Sasa, seli ikikaza hubadilisha umbo, lakini haiwezi kupata wala kupoteza protini ndani ya theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo chora uzito mkavu dhidi ya wakati. Ukiwa mstari tambarare, mpaka wako ni mzuri. Ukishuka na kupanda pamoja na kila pigo, kuna jambo moja kati ya matatu: mpaka unakata ukingo seli inapobadilika, seli inatoka kwenye fokasi, au awamu imerukwa katikati. Kwa la kwanza, acha kutafuta mpaka upya kwa kila fremu. Tumia mpaka mmoja mpana unaoimeza seli katika hali zake zote. Kwa la pili, faida kubwa ya holografia ni kwamba fokasi inaweza kurekebishwa kwa hesabu hata baada ya mwezi, mradi tu uliihifadhi hologramu ghafi.

Uzito ukiwa tambarare lakini ukawa mara nne ya ulivyotarajia, angalia lenzi. Mtu alibadilisha kutoka ya mara 20 kwenda ya mara 40 na hakuiambia programu, na kosa la mara mbili kwenye urefu ni la mara nne kwenye eneo.

Dalili: mapigo ni mengi mno, machache mno, au yanafanana kupita kiasi

Idadi ikiwa mara mbili kamili ya unayoyaona kwa macho, programu inahesabu mwendo badala ya umbo. Seli husogea mara mbili katika kila pigo, inapokaza na inapolegea, na kila msogeo huacha kilele. Weka muda wa chini kati ya pigo na pigo, au tumia mchoro wa awamu badala ya mchoro wa kasi.

Mapigo yakikosekana kabisa ilhali jicho linayaona, pengine unachukua wastani wa seli yote. Katikati hunenepa ukingo unapopungua, na wastani hufuta vyote viwili. Tumia mtawanyiko wa awamu ndani ya seli, au chagua eneo dogo kando ya kiini.

Sasa turudi kwenye friji. Mota ya friji yenye nguzo nne kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka pungufu kidogo ya mara 25 kwa sekunde, tuseme 24. Kamera yetu ilikuwa ikirekodi fremu 25 kwa sekunde. Kwa kila fremu, mtikisiko ulionekana umechelewa kidogo kuliko fremu iliyopita, na ucheleweshaji huo ulikamilisha mzunguko mmoja kwa karibu sekunde moja: pigo la moyo la kuvutia, lililozaliwa ukutani. Dalili zilikuwa wazi laiti tungezitafuta. Seli zilizotengana ambazo hazigusani hudunda kila moja kwa mwendo wake, ilhali hizi zilikwenda kama askari gwarideni. Na eneo tupu nalo lilidunda. Tulipobadilisha kamera kwenda fremu 40, pigo la mara 58 likatoweka na mahali pake pakaja tetemeko la haraka ambalo hakuna moyo ungeliweza. Tangu siku hiyo kila kisahani hurekodiwa kwa kasi mbili tofauti walau kwa sekunde kumi. Taa za chumba huleta mzaha kama huo: hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera ya fremu 33 itakuonyesha mng'ao unaopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Zima taa.

Kwa uhakika zaidi, dawa husaidia. Isoprenalini huongeza kasi ya seli zinazoitikia. Blebistatini huzuia mayosini, protini inayovuta seli inapokaza, na kusimamisha kukaza. Mdundo unaoendelea vile vile baada ya blebistatini kufanya kazi hautoki kwenye seli. Ilinde dawa hiyo na mwanga wa bluu, kwa kuwa huharibika na kugeuka sumu kwa seli.

Dalili: vyote ni safi, lakini seli zetu hazifanani na za wenzetu wa pwani

Hapa usilaumu hadubini. Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101 za usawa wa bahari. Asilimia 5 ya kabonidayoksaidi inayowekwa kwenye inkubeta kwetu ina shinikizo la kilopaskali 4.3, wakati pwani ni 5.1, na kiowevu chenye bikabonati kitasoma pH, yaani kipimo cha asidi, ya juu zaidi kwa kama 0.07. Ili kupata hali ile ile, inkubeta inatakiwa iwe na karibu asilimia 5.9. Moshi iko chini zaidi na upungufu wake wa shinikizo ni kama nusu ya huo kwenda juu kidogo. Kabla ya kubadilisha chochote, soma kitabu cha mashine ujue kama kihisi chake hupima asilimia au shinikizo, maana kinachopima shinikizo kinaweza kuwa kimeshajisahihisha chenyewe. Kisha pima pH ya kiowevu kilichokaa humo usiku mzima, na uiandike kwenye daftari pembeni ya jina la faili la hologramu ghafi, pamoja na joto la lenzi, kasi ya kamera, na saa ambayo friji iliwaka.